MCHEZO BILA YA WENYEWE

Wako miongoni mwa wanachama wetu watakaouliza: kuna nini hata karatasi hii ya chama, ambayo wino wake na stensili zake hununuliwa kwa michango ya watu wanyonge, ikachukua nafasi yake ndogo kuzungumza khabari za mchezo? Je, yamekwisha mambo ya bei za vyakula, ya ardhi na ya haki za raia, hata tukae tukihisabu waliokwenda uwanjani na wasiokwenda?

Twawajibu kwa kisa cha kweli. Katika kisiwa cha Trinidad, baina ya mwaka 1958 na 1960, chama cha People's National Movement kilikuwa na gazeti lake lililoitwa The Nation, na mhariri wake alikuwa C. L. R. James. Bwana huyo alikuwa bingwa wa historia na siasa, mtu aliyeandika vitabu vizito. Walakini hakuona haya kutumia kurasa za chama kudai jambo moja la mchezo: kwamba timu ya kriketi ya West Indies, ambayo ni timu moja ya visiwa vingi, ipewe nahodha mweusi kwa safari nzima. Mpaka wakati ule unahodha wa kudumu ulikuwa kama urithi wa weupe, ijapokuwa aghlabu ya wachezaji hodari walikuwa weusi. Gazeti la chama lilishika hoja hiyo wala halikuiachia, na Frank Worrell, mzaliwa wa Barbados, akateuliwa kuiongoza timu katika Australia msimu wa 1960 na 1961.

Walishindwa mfululizo ule, mechi mbili kwa moja. Lakini siku moja ya Februari 1961 waliingia katika uwanja wa Melbourne watu 90,800 kuwatazama, na timu ilipokuwa ikiondoka, wenyeji walijipanga njiani kwa maelfu kuwaaga wageni wao. Basi mwenye kusema kwamba mchezo si jambo la chama wala si jambo la raia, na amuulize Worrell.

Tumeitaja khabari hiyo kwa kuwa ndiyo mlango wa maneno yetu ya leo. Visiwa vile vile vilivyomtoa Worrell, miaka 46 baada ya siku ile ya Melbourne, vilipewa heshima ya kuandaa Kombe la Dunia la Kriketi. Viwanja vikajengwa, barabara zikatiwa lami, bendera zikatundikwa. Mchezo ulipoanza, ulimwengu ukaona viti vitupu. Twataka kuitazama sababu yake kwa insafu, kwani iko siku, nayo haiko mbali, ambapo na sisi tutaambiwa: fagieni nyumba, wageni wanakuja.

KHABARI YENYEWE

Kombe hilo lilichezwa kuanzia tarehe 13 Machi mpaka tarehe 28 Aprili 2007. Timu zilikuwa 16, mechi 51, na nchi zilizogawana mechi hizo zilikuwa nane: Jamaica, Saint Kitts na Nevis, Trinidad na Tobago, Saint Lucia, Antigua na Barbuda, Grenada, Barbados na Guyana. Isipokuwa Guyana, ambayo iko katika bara la Amerika ya Kusini, zote ni visiwa, na vingine ni vidogo kuliko Pemba yetu.

Kwa watu wa huko, kriketi ni kama mpira wa miguu kwetu sisi, na pengine zaidi. Shirikisho lao la kisiasa lilianzishwa mwaka 1958 likavunjika mwaka 1962, kila kisiwa kikashika njia yake. Lakini timu ya kriketi haikuvunjika. Timu hiyo ndiyo iliyotwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 na la pili mwaka 1979. Katika lile la 1975 ilikuwapo pia timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Na mwaka 2007 Kenya ilikuwako huko huko visiwani: iliifunga Canada katika Saint Lucia tarehe 14 Machi, kisha ikashindwa na New Zealand na Uingereza, ikarejea nyumbani.

Basi hapakuwa na sababu ya kudhani kwamba watu wa visiwa vile watalipa kisogo kombe lililokuja mlangoni mwao kwa mara ya kwanza. Lakini katika mechi nyingi majukwaa yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee, na palipokuwa na watu, sauti haikuwapo. Waandishi waliokuja kutoka nchi za mbali, waliozoea kusikia sifa za shangwe za visiwa vile, waliandika kwamba wamekuta ukimya.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Ili tufahamu kilichopotea, na tutazame uwanja mmoja tu. Katika mji wa St. John's, makao makuu ya Antigua, uko uwanja mkongwe uitwao Antigua Recreation Ground. Uko mjini hasa, jirani na jela. Mtu alitoka sokoni akaingia uwanjani, akatazama, akatoka akauza samaki zake, akarejea. Chakula alikuja nacho kutoka nyumbani ndani ya kapu, na wali wa maharage uliopikwa kwa nazi si kitu cha kigeni kwa msomaji wetu. Vinywaji vyao ni shauri lao. Palikuwa na muziki baina ya mpira na mpira, palikuwa na ngoma, na palikuwa na kome wa baharini, yule mkubwa ambaye wavuvi humtoboa wakampuliza kama baragumu.

Katika uwanja huo Brian Lara, kijana wa Trinidad, alipata mikimbio 375 dhidi ya Uingereza mwaka 1994, na mwaka 2004, hapo hapo na dhidi ya Uingereza hiyo hiyo, akapata 400 bila ya kutolewa. Zote mbili, siku zilipopatikana, zilikuwa hisabu kubwa kuliko zote katika mechi za namna yake duniani. Uwanja haukuwa na fahari. Fahari yake ilikuwa watu wake.

YALIYOGEUZWA

La kwanza lililogeuzwa ni mahali penyewe. Uwanja ule wa mjini uliachwa, na mwengine mpya ukajengwa North Sound, nje ya mji, kwa fedha na mafundi wa China. Kwa ajili ya kombe uliwekewa viti vya kutosha watu 20,000. Sasa na tuhisabu kama wahisabuvyo wenye maduka. Antigua na Barbuda, watoto na wazee na wagonjwa kwa pamoja, hawakufika watu 100,000. Yaani ili uwanja ujae mara moja tu kwa wenyeji peke yao, ingelazimu zaidi ya mtu mmoja katika kila watano aache kazi yake aende North Sound. Kwa kipimo hicho, Pemba, ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya 540,000, ingejengewa Chake Chake uwanja wa watu zaidi ya 100,000. Nani angeujaza?

Na Guyana kadhalika. Uwanja wa Bourda, ulioko ndani ya mji wa Georgetown, uliwekwa kando, ukajengwa mwengine Providence, nje ya mji, kwa msaada wa serikali ya India. Na Jamaica ilijengewa na Wachina uwanja wa Trelawny, uliotumika kwa sherehe ya ufunguzi na mechi za kujipima nguvu. Hata mechi moja ya kombe lenyewe haikupigwa hapo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

La pili ni tikiti. Bei zilitangazwa kwa dola za Kimarekani, na tikiti zikaanza kuuzwa kwa njia ya intaneti mwezi wa Mei 2006, karibu mwaka mzima kabla ya mchezo. Mtu wa mjini London mwenye kadi ya benki aliweza kununua kiti chake akiwa kitandani. Lakini mvuvi wa Grenada, au mama muuza mboga wa Kingston, aliyezoea kwenda dirishani asubuhi ya mchezo na fedha yake mkononi, ni nani aliyempangia yeye biashara hiyo? Fedha za mtu wa kibarua haziwekwi mwaka mzima zikingoja mechi. Leo zipo, kesho ni unga na ada ya mtoto.

La tatu ni amri za mlangoni. Ngoma na mabaragumu, mpaka ruhusa. Chakula cha nyumbani na kapu lake, kwa masharti. Atokaye harudi. Tena mabunge ya nchi zile yalitakiwa yatunge sheria za kulinda alama za makampuni yaliyodhamini kombe, ili mwenye bidhaa nyengine asijitangaze karibu na uwanja. Fikirini, enyi wasomaji: bunge la watu huru linakaa, linapiga kura, ili muuza soda wa kisiwani asije akaidhuru soda ya tajiri wa ng'ambo.

La nne ni visa. Nchi zile ziliungana kwa muda kuwa kama nchi moja, kuanzia Februari mpaka katikati ya Mei 2007, na wageni wa mataifa mengi wakatakiwa walipe dola 100 kwa visa ya pamoja. Na mgeni aliyeingia bado alikuwa na safari ya ndege kutoka kisiwa hadi kisiwa, kwani mechi za timu yake zilitawanywa baharini. Hata yule mgeni aliyetarajiwa aje ajaze nafasi ya mwenyeji, naye alitiliwa miba njiani.

HISABU YA MGENI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na twaomba msomaji atulie nasi.

Mwenye duka akipandisha bei zake hata jirani asiweze kununua, huwa ana hisabu moja moyoni mwake: anangoja wateja wa meli. Meli ikija, atauza kwa siku moja faida ya mwezi. Lakini meli isipotia nanga, mchele utaingia fukusi, na jirani aliyefukuzwa kwa bei atakuwa amekwisha jifunza njia ya duka jengine.

Waandaji wa 2007 walikuwa wanangoja meli mbili, India na Pakistan. Watu wa nchi mbili hizo ndio wengi kupita wote katika mapenzi ya kriketi, na wenye uwezo miongoni mwao walikuwa wamekwisha fanya mipango ya safari. Siku moja tu, tarehe 17 Machi 2007, meli zote mbili zilizama. Katika Port of Spain, Bangladesh iliifunga India. Katika Kingston, Ireland, timu ya watu ambao wengi wao walikuwa na kazi zao nyengine za kuwapa riziki, iliifunga Pakistan. Kabla ya mwezi kwisha timu zote mbili zilikuwa zimetolewa, na misafara ya mashabiki wao ikavunjwa.

Tarehe 15 Aprili, Barbados ilikuwa imejitayarisha kupokea mechi ambayo kila mtu alidhani itakuwa ya India na Pakistan, mechi ambayo kiti chake kimoja kingeuzwa kwa bei ya ng'ombe. Walioingia uwanjani siku hiyo walikuwa Ireland na Bangladesh. Sisi hatuzidharau timu hizo hata kidogo; zilifika hapo kwa haki yao, na Ireland ikashinda. Lakini hisabu iliyojengwa juu ya mgeni mmoja ilianguka, na mwenyeji hakuwapo kuishika, kwa kuwa alikwisha ambiwa tangu mwanzo kwamba karamu hii si ya kiasi chake. Wako na watu wa visiwani waliotengeneza vyumba vya nyumba zao wakitaraji wapangaji, wakabaki na mashuka mapya na madeni.

Je, wakubwa wa mchezo walipata hasara? Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikuwa limekwisha uza haki za matangazo na udhamini kwa mkataba wa dola milioni 550, uliofungwa mwaka 2000 na kumalizikia kombe hilo la 2007. Viti vijae au visijae, kamera zilikuwa zimekwisha lipiwa. Aliyetegemea mlango wa uwanja ni mwenyeji. Aliyebaki na uwanja wa kutunza ni mwenyeji. Kiti kitupu hakimwumizi kila mtu sawasawa.

HOJA ZA WAKUBWA NA JAWABU ZAKE

Tusiwadhulumu. Waliotetea mipango ile walikuwa na hoja, nazo zastahiki kusikilizwa. Walisema viwanja vilivyochakaa visingekubaliwa kwa kombe la dunia. Walisema ulinzi ulihitaji amri kali. Walisema udhamini ndio ulioleta fedha, na mdhamini lazima alindwe. Na wako waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba vijana wa visiwani wamekwisha iacha kriketi, wanapenda mpira wa kikapu na mpira wa miguu kwa ajili ya televisheni za Marekani, na timu yao yenyewe imekuwa dhaifu.

Hoja tatu za mwanzo zina kiasi chake cha ukweli. Lakini ukweli wa hoja haukatazi kuuliza kipimo. Ulinzi haukudhurika kwa ngoma katika miaka yote iliyotangulia. Ama hiyo ya nne, kwamba watu wameacha kupenda, twaikataa, na tuna mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni tarehe 21 Aprili 2007. West Indies na Uingereza zilikutana Bridgetown, na zote mbili zilikuwa zimekwisha poteza njia ya nusu fainali. Mechi haikuwa na faida yoyote. Lakini ilikuwa mechi ya mwisho ya Brian Lara, na watu walijaa Kensington Oval. Lara alitolewa kwa mikimbio 18, na timu yake ikashindwa kwa tundu la sindano. Baada ya mchezo aliwauliza watu kama alikuwa amewafurahisha, nao wakamjibu kwa kishindo. Je, hao ndio watu walioacha kupenda?

Shahidi wa pili ni uwanja wa North Sound wenyewe. Tarehe 13 Februari 2009 mechi ya West Indies na Uingereza ilivunjwa hapo baada ya mipira 10 tu kurushwa, kwa kuwa mchanga ulikuwa mwingi hata warushaji hawakuweza kukimbia kwa salama. Ikawa hapana budi. Baada ya siku mbili mechi nyengine ilianzishwa, na ilianzishwa wapi? Katika ule ule uwanja mkongwe wa mjini, jirani na jela, uliokwisha ambiwa kwamba haufai.

Shahidi wa tatu ndiye mkubwa, kwa kuwa ni waandaji wenyewe. Mwaka 2010, mwezi wa Aprili na Mei, visiwa vile viliandaa mashindano ya dunia ya kriketi fupi, katika Guyana, Saint Lucia na Barbados. Safari hii bei zilishushwa, na ngoma na mabaragumu yakaruhusiwa, na majukwaa yakapata sauti yake tena. Mtu habadili dawa ila akiwa amekwisha kiri kwamba ile ya kwanza haikuponya.

Na bado somo husahauliwa. Mwaka 2024 mashindano hayo ya kriketi fupi yalirudi visiwani, yakigawanywa pamoja na Marekani. Mechi nyingi, na hata fainali ya tarehe 29 Juni katika Barbados, zilianzishwa saa nne na nusu asubuhi, wakati unaowafaa watazamaji wa televisheni wa India waliokwisha toka makazini. Saa ya kisiwa ikafuata saa ya Mumbai. Fainali yenyewe ilikuwa ya India, iliyoifunga Afrika ya Kusini kwa mikimbio 7, na safari hii meli ilitia nanga. Lakini mwenye busara hafurahii kwamba kamari yake imeshinda mara moja.

NA SISI JE?

Sasa tuje nyumbani, na tuseme wazi kwa nini tumewachukua wasomaji safari ndefu namna hii.

Uwanja wetu wa Amaan ulijengwa kwa msaada wa China ukafunguliwa mwaka 1970, na umetengenezwa upya katika miaka hii ya karibuni. Mwezi wa Agosti 2025 ulipokea mashindano ya CHAN, na Senegal, Nigeria, Congo na Sudan zikacheza mbele yetu. Kombe kubwa zaidi, lile la Mataifa ya Afrika, limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa mwaka 2027. Sisi tulio katika upinzani hatutamani jambo hilo liharibike. Kiti kitupu hakina chama. Ikiwa siku hiyo ulimwengu utatazama visiwa hivi ukaona majukwaa yamekauka, aibu haitakuwa ya waziri peke yake. Itakuwa yetu sote. Na ikiwa majukwaa yatajaa wageni watupu, na mtoto wa Mwembetanga au wa Wete akatazama kwenye televisheni ya kahawani mchezo unaopigwa mwendo wa mguu kutoka kwao, hiyo itakuwa aibu kubwa zaidi.

Kwa hivyo yafaa tuanze kuyasema sasa, kabla ya tikiti hazijachapwa, maana baada ya hapo twatajibiwa kwamba mambo yamekwisha. Twataka mambo matano.

Kwanza, mechi yoyote itakayopigwa visiwani, bei yake ipangwe kwa shilingi na kwa kipimo cha mshahara wa mtu wa hapa. Iwepo sehemu ya uwanja, tena si kona ya nyuma, ambayo kibarua aweza kuingia na mwanawe kwa fedha isiyozidi mapato yake ya nusu siku.

Pili, tikiti ziuzwe dirishani kwa fedha taslimu, Mjini na Mkokotoni na Makunduchi, Wete na Chake Chake na Mkoani. Simu na kadi ni njia nzuri kwa mwenye nazo. Isiwe ndiyo njia pekee.

Tatu, wauzaji wetu wadogo, wa urojo na mishkaki, wa madafu na kashata, wapewe mahali pao panapojulikana karibu na milango, wala wasifukuzwe na askari kwa sababu ya alama ya kampuni fulani. Mdhamini na alindwe ndani ya uwanja. Barabara ni ya raia.

Nne, ngoma, beni na matarumbeta yaingie. Anayetaka mchezo wa kimya na akatazame samaki.

Tano, saa za mechi zipangwe kwa kuzingatia sala, hasa siku ya Ijumaa, na zifungamane na daladala za kurudi mashamba na boti za Pemba. Mtu asiyejua atarudije nyumbani hatoki nyumbani.

Madai haya hayahitaji fedha za mkopo wala fundi wa kigeni. Yanahitaji mpangaji amfikirie mwenyeji kabla ya mgeni. Wako watakaotujibu kwa ile kauli ya wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi twaikubali kauli hiyo kwa ukamilifu wake: mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atoke apishe.

Wajibu wa wanachama, katika matawi yote, ni kuyazungumza haya barazani na misikitini baada ya sala, kuyapeleka kwa madiwani na wawakilishi wa upande wowote, na kuwauliza kwa adabu lakini bila ya kuchoka: bei itakuwa ngapi, dirisha litakuwa wapi, na muuza madafu atasimama wapi? Tawi litakalopata jawabu la maandishi lituletee, nasi tutalichapa hapa kama lilivyo, liwe zuri au baya.

Watu wa Antigua na Barbados waliulizwa maswali haya baada ya karamu kwisha. Sisi tuna nafasi ya kuyauliza kabla ya sufuria kutiwa motoni. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.